Bundi wa Mwembe Wetu

Bismillahir Rahmanir Rahim. Himdi zote ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.



Wiki tatu zilizopita, tulipomaliza darsa ya baada ya Maghrib, ndugu mmoja wa mwaka wa kwanza aliuliza swali ambalo wenzake walilicheka. Alisema kwao kuna bundi anayelala chini ya paa la choo cha nje, na kaka yake amemwandikia kwenye simu kwamba wanatafuta kijana mwenye shabaha ampige manati. Akauliza: je, kuna dua ya kumfukuza bundi bila kumuua? Wengine wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu na mimi niliwahi kumfukuza bundi, na sikumfukuza kwa dua. Nilimwahidi jibu la maandishi. Jibu lenyewe ndilo hili, na linaanzia nyumbani kwetu.

Kwetu ni kusini mwa mji wa Bujumbura, upande wa barabara ya kwenda Rumonge. Baba alinunua kiwanja pale zamani, wakati pesa kidogo ilikuwa bado inanunua ardhi. Mbele ya nyumba tuna mipapai mitatu na kishamba cha lengalenga na muhogo wa sombe. Nyuma kabisa, mbali na milango, kuna mwembe mzee ambao tawi lake moja kubwa lilivunjika kabla sijazaliwa na kuacha tundu refu kwenye shina. Katika tundu hilo waliishi bundi. Walikuwa wa aina ile yenye uso mweupe wenye umbo la moyo. Hawalii kama bundi wa kwenye hadithi za watoto; wao hutoa sauti ya kukwaruza, kama mtu anayepasua kitambaa gizani. Usiku ukiisikia na hujui ni nini, utasoma Ayatul Kursiyyu bila kuambiwa.

Mwaka niliomaliza sekondari Bibi yetu aliugua kifua. Alilazwa, akarudishwa nyumbani, akalazwa tena. Siku aliporudi mara ya pili, Baba Mdogo alikuja kumjulia hali kutoka Buyenzi, akakaa mpaka usiku, akawasikia bundi. Akaniita pembeni. "Mwanangu, nyie mnamuuguza mama huku mnafuga mwenye kumwita?" Baba Mdogo ana shahada ya chuo kikuu, naomba mlikumbuke hilo. Nikamwambia wale wako pale siku zote. Akasema, "Ndiyo maana haponi."

Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilimpenda Bibi kuliko mtu yeyote. Nilifunga matambara kwenye mti mrefu, nikayachovya katika mafuta ya taa, nikapanda ngazi, nikayawasha na kuyasukuma ndani ya tundu. Bundi mmoja akaruka juu ya kichwa changu. Moshi ukatoka kwa muda mrefu. Asubuhi niliporudi kuangalia, nilikuta makinda wawili.

Bibi alifariki siku kumi na moja baadaye, Allah amrehemu. Msibani Baba Mdogo alinishika bega akasema: "Tulichelewa. Alikuwa ameshaita."

Niliyafikiria maneno hayo kwa muda mrefu, na ningependa nanyi muyafikirie. Bibi angepona, tungesema amepona kwa sababu bundi ameondoka. Hakupona, tukasema bundi alikuwa ameshamaliza kazi yake. Imani ya mkosi imejengwa hivyo, kila njia inajipa ushindi yenyewe, na anayeibeba hawezi kujua kwamba amedanganywa. Ndiyo maana haitolewi kwa shahada. Inatolewa kwa tawhid, yaani kujua kwa yakini kwamba ajali ya mtu iko kwa Allah peke yake, na kwamba ndege hana daftari la majina.

Na jambo hili Mtume (S.A.W.) alilitaja kwa jina. Katika hadithi ya Abu Hurayra (R.A.) waliyoipokea Bukhari na Muslim, alikanusha itikadi kadhaa za zama za ujahili, mojawapo ni ile ya kuona mkosi katika ndege, na nyingine inaitwa *hama*. Wanavyuoni wameieleza hama kwa njia mbili. Wapo waliosema Waarabu waliamini kwamba roho ya aliyeuawa bila kulipiziwa kisasi hugeuka ndege anayelia akitaka kunyweshwa. Na wapo waliosema ni bundi huyu huyu: akitua juu ya nyumba, mwenye nyumba huona ameletewa habari ya kifo chake au cha mmoja wa jamaa zake. Nilipoyasoma maelezo hayo ya pili nilifunga kitabu. Karne kumi na nne, na Baba Mdogo alikuwa amesimama pale pale walipokuwa wamesimama wao.

Lakini hadithi iliyonivunja ni nyingine. Niliisikia nikiwa mwaka wa pili hapa chuoni, katika darsa ambayo nilikuwa nasinzia. Ameipokea Abu Dawud kutoka kwa Ibn Masud (R.A.). Walikuwa safarini na Mtume (S.A.W.), naye akaenda haja yake. Wakaona ndege mdogo mwenye makinda wawili, wakawachukua wale makinda. Mama yao akaja akipigapiga mabawa. Mtume aliporudi akauliza ni nani aliyemtia ndege huyu uchungu kwa ajili ya wanawe, akaamuru warudishwe. Kisha, katika hadithi hiyo hiyo, akaona kichuguu cha sisimizi kilichochomwa, akauliza ni nani aliyekichoma. Alipojibiwa, akasema kwamba haimpasi yeyote kuadhibu kwa moto isipokuwa Mola wa moto.

Makinda wawili, na moto, katika hadithi moja. Usingizi ulikwisha.

Tawba mnaijua masharti yake: kuacha kosa, kujuta, kuazimia kutorudia, na kama kuna haki ya mwingine, kuirudisha. Matatu ya kwanza niliyaweza. La nne lilinisumbua. Ustadhi wetu, nilipomuuliza faraghani, alinyamaza kwanza, kisha akasema: "Hao huwezi kuwarudishia kitu. Lakini wana wenzao. Uwanja wenu si bado upo?" Hayo ndiyo yaliyonianzisha kazi ambayo sasa ina mwaka wa tatu, kila likizo na kila mwisho wa wiki ninapokwenda nyumbani.

Kabla sijaieleza, nimwambie yule ndugu jambo moja kuhusu bundi wao. Aende chini ya paa lile la choo achunguze. Atakuta madonge meusi ya manyoya na mifupa, makubwa kama kidole gumba. Sisi tulikuwa tukiyaokota chini ya mwembe tukiwa watoto, na Bibi alikuwa akituamuru tuyatupe kwa kijiti tusiyaguse, akiamini ni vitu vya kichawi vilivyotegwa na jirani. Jirani wa watu alisengenywa miaka! Katika maabara hapa chuoni niliwahi kulipasua donge kama hilo kwa koleo. Ndani mlikuwa na fuvu la panya, taya lenye yale meno marefu ya mbele yenye rangi ya machungwa, na vijifupa vingi. Bundi humeza panya mzimamzima, kisha akatema asichoweza kukisaga. Uchawi wote wa mwembe wetu ulikuwa hesabu ya panya ambao hawakufika kwenye gunia la mchele.

Tulipowafukuza bundi, mwaka uliofuata tulinunua sumu ya panya. Sisemi panya waliongezeka kwa sababu hiyo, maana sikuwahesabu. Nasema tu kwamba tulinunua. Na sumu hiyo ina ubaya wake: panya akiila hafi papo hapo, huzurura akiwa amelegea, na bundi au paka akimkamata, sumu inampata na yeye. Kwa hiyo ukitaka bundi na paka wabaki, jambo la kwanza ni kuacha sumu na kufunika chakula vizuri.

La pili lilikuwa gumu kuliko nilivyodhani, nalo ni ufagio. Kwetu uwanja hufagiwa alfajiri mpaka udongo ung'ae, majani yakakusanywa na kuchomwa, na binti asiyefagia hivyo huonekana mvivu. Usafi ni katika dini yetu, sibishani na hilo. Lakini jani lililokauka si najisi. Chini ya majani kuna minyoo na wadudu, na hao ndio chakula cha chura, kinyonga na ndege wanaochakura chini. Ukichoma majani, umechoma meza ya wengine. Mama alikataa katakata. "Nyoka!" akasema, na hoja yake ilikuwa ya kweli, maana ana wajukuu wanaotambaa. Tulichokubaliana ni hiki: kuanzia mlangoni mpaka kwenye kamba za nguo, fagia kama zamani, na nyasi ziwe fupi. Nyuma, kuzunguka mwembe, majani yaachwe yaoze, kichaka cha ukutani kiachwe, na watoto wasicheze huko bila mkubwa. Sidhani kama kuna njia nzuri zaidi ya kuishi na viumbe kuliko kuwekeana mipaka.

La tatu ni maji. Kuanzia Juni mpaka Agosti mvua hakuna, na ndege wa mjini hana pa kunywa ila mtaro. Niliweka sinia pana la udongo juu ya kisiki, kina chake kama vidole viwili, na mawe machache ndani ili hata nyuki atue bila kuzama. Maji hubadilishwa kila baada ya siku mbili, kwa sababu yakikaa wiki na zaidi utakuwa unafuga mbu, na malaria sote tunaijua. Kisiki kiwe peupe, mbali na kichaka anakoweza kujificha paka. Najua wengi wenu mnapenda paka, na ni kweli Abu Qatada (R.A.) alikuwa akimwinamishia paka chombo chake cha udhu anywe. Mpende paka, mshibishe, lakini usimwekee ndege mtego kwa jina la huruma.

Kisha mapapai, na hapa ndipo nilipogombana na familia nzima. Mama huuza mapapai. Kuna ndege fulani wa rangi ya udongo, wenye kishungi na mikia mirefu kama ya panya, ambao huja kwa kundi na kutoboa tunda siku moja kabla halijaiva sawasawa, kana kwamba wana kalenda. Usiku huja popo. Tulikuwa tukiwarushia mawe. Nilimsomea Mama hadithi aliyoipokea Muslim kutoka kwa Jabir (R.A.), kwamba Muislamu akipanda mti, kinacholiwa katika mti huo ni sadaka yake, kilichoibwa ni sadaka, alichokula mnyama wa mwituni ni sadaka, na alichokula ndege ni sadaka. Mama alisikiliza, akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Na hiyo sadaka ni ya aliyepanda au ya anayerusha mawe?" Kisha akacheka mwenyewe. Siku hizi tunachuma yote yaliyokaribia kuiva tunayoyafikia kwa mkono na kwa upondo mfupi, na ya juu kabisa tunayaacha. Si lazima mtu aache shamba lote liliwe. Mwenye kuuza ana haki ya kulinda riziki yake. Lakini fikiria, mwanafunzi asiye na faranga ya kutoa anaandikiwa sadaka akiwa amelala, na popo ndiye anayeipokea.

Maua hayakutugharimu kitu. Mrehani tuliuacha utoe maua badala ya kuukata kila mara, na nyuki wakaufuata. Kwenye kona nilichomeka kigogo cha ule mti ambao kwa Kirundi tunauita umurinzi, wenye maua mekundu; ukikata tawi nene na kulisimika mwanzo wa mvua linashika. Jirani mmoja mzee alinionya kwamba watu wa zamani walikuwa na matambiko yao kwenye mti huo. Nikamwambia, Mzee, waliotambika ni watu, mti hauna kosa. Nangoja uchanue, kwa sababu chozi hupenda asali ya maua yake.

Mtaniuliza, kama mnavyoniuliza siku zote, kuhusu mjusi kafiri. Hadithi ya kumuua ni sahihi, imo katika Muslim, nami siikwepi. Ninachosema ni kwamba tumeitanua mpaka imemfunika kila mwenye mkia. Kinyonga hakutajwa, naye kwetu hupigwa mawe kwa sababu tu macho yake yanazunguka. Wengine wametajwa, tena kwa kulindwa. Abu Dawud amepokea kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) katazo la kuua wanne: sisimizi, nyuki, hudhud na *surad*. Huyu surad ni wa jamii ya yule ndege mweusi na mweupe mnayemwona juu ya nyaya za umeme hapa mbele ya bweni, anayetundika panzi kwenye miiba kama mchuuzi wa nyama. Chura naye, tabibu mmoja alipotaka kumtia katika dawa, Mtume (S.A.W.) alikataza kumuua. Hesabuni wenyewe: sisimizi, nyuki, hudhud, surad, chura. Hao karibu wote ni wakazi wa uwanja wa nyuma wa nyumba ya kawaida. Na Allah (S.W.) ametufahamisha katika Suratul An'am, aya ya 38, kwamba wanyama na ndege ni umma mfano wetu, na katika Suratun Nur, aya ya 41, kwamba ndege wakikunjua mbawa zao kila mmoja anaijua sala yake na tasbihi yake. Aliyetupwa na moshi kutoka kwenye tundu letu alikuwa na wirdi wake.

Kwa mlioko mabwenini msio na uwanja: nyuma ya msikiti wetu, pale maji ya udhu yanapomwagika, kuna tope tupu tangu nilipofika chuoni. Maji yale yangetosha kukuza mpera na mstari wa mrehani. Kamati ya usafi nimekwisha kuizungumzia jambo hili. Wanataka majina ya watu watano watakaosimamia kipindi cha likizo, kwa sababu mche ukipandwa Mei na kuachwa Julai utakufa. Mpaka leo tuna majina mawili, langu na la dada mmoja wa kitivo cha sheria.

Bundi hawajarudi. Tundu nililisafisha majivu kwa mkono wangu, nikaliacha wazi, nikangoja misimu miwili. Mwezi uliopita Mama alinipigia simu akasema kuna kelele kwenye mwembe. Nilipofika Jumamosi nilikuta nyuki wamehamia, wanaingia na kutoka kwa mstari, juu kabisa, mbali na vichwa vya watoto. Mnaikumbuka Suratun Nahl, ile amri waliyofunuliwa nyuki kuhusu mahali pa kujenga: milimani, mitini, na katika wanavyovijenga watu. Nimemwambia Mama hakuna kuwafukiza moshi. Wakianza kutishia watoto tutamtafuta mfugaji nyuki awahamishe kwa utaratibu. Moshi kwenye tundu lile sitaki kuuona tena.

Baba Mdogo naye amepata habari. Alikuja wiki iliyopita, akasimama chini ya mwembe akiwa amekinga macho kwa kiganja, akaniuliza asali itakuwa tayari lini, kwa sababu kifua kinambana. Nikamwambia bado ni wageni, tuwape muda. Akakubali. Kisha akatazama tundu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama wale wengine waliwahi kuonekana tena.

Ndugu yangu wa mwaka wa kwanza, mwambie kaka yako aweke manati chini, na likizo ukifika nyumbani niletee donge moja kutoka kwenye lile paa. Tutalipasua pamoja.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.